Maji ya Bwawa Moja



Leo twamkumbuka Dakta B. R. Ambedkar wa Bara Hindi. Alizaliwa mwaka 1891 katika tabaka la Mahar, watu walioitwa najisi. Shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Alingoja kumiminiwa, na asipopatikana wa kummiminia alikaa na kiu.

Alisoma mpaka New York na London, lakini elimu hakuifanya pambo. Machi 1927 aliongoza maelfu ya wenzake mpaka bwawa la mji wa Mahad, wakanywa maji waliyokatazwa. Kwa kosa hilo walipigwa. Mwaka 1946 alimwandikia W. E. B. Du Bois, mtetezi wa Weusi wa Marekani, kwamba hali za watu wao zafanana sana. Kisha akaongoza kamati iliyoandika Katiba ya 1950, iliyokataza mtu kutengwa kama najisi. Hata hivyo alionya kuwa kura sawa pasipo maisha sawa ni hatari.

Ndugu zetu, mtawala mgeni akiondoka, nasi tukabaki kubaguana kisimani, uhuru huo ni nusu. Basi kila mmoja wetu atazame kisima cha kwao: nani bado angoja kumiminiwa?