Fundi Sauti na Masikio Yake: Kumiksi Muziki katika Studio za Nyumbani
Mada kwa maprodyuza na mafundi sauti chipukizi, Njoro, Moshi

NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni miongoni mwa bendi zilizorekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio ikapiga kwa pamoja. Katika urekodi wa namna hiyo, tarumbeta likizidi, mpigaji husogezwa mbali na maikrofoni. Mwimbaji akimezwa na magitaa, husogezwa karibu. Miksi huwa imeshakamilika utepe unapozunguka, na anayeamua ni fundi mwenye masikio yake.

Prodyuza anayepika biti chumbani Njoro ana kompyuta na plagini ambazo mafundi wale hawakuziota. Ana pia kishawishi kipya, nacho ni skrini. Akiona mstari wa besi umepanda kwenye grafu, anaukata hata kama masikio hayajalalamika. Grafu husema kiasi cha sauti, haisemi kama wimbo unachezeka.

Hata hivyo masikio nayo hudanganywa, na mdanganyifu mkubwa ni chumba. Chumba cha bloku chenye urefu wa mita 3 huvumisha sauti ya takriban hezi 57, ambayo ni besi hasa. Kikiwa mraba, mvumo huo hutokea kwa urefu na kwa upana. Anayeketi kwenye kona huisikia besi nzito kuliko ilivyo, akaipunguza. Anayeketi katikati kabisa huikosa, akaiongeza. Wimbo ni uleule, kiti ndicho kimehama. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani kwa imani kubwa hupunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba, na besi hazina habari nazo.

Kiwango cha sauti nacho kina hila zake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii besi vizuri sauti ikiwa ya chini. Ndiyo maana miksi iliyofanywa kwa kishindo usiku huonekana nyembamba asubuhi ikipigwa taratibu.

Dawa yake ni mazoea. Spika za Yamaha NS-10 zilipotoka mwaka 1978 zilikusudiwa nyumba za watu, wala hazikusifiwa kwa utamu. Mafundi wakubwa kama Bob Clearmountain walizitumia kwa sababu walizijua tabia: wimbo ukikaa sawa pale, ulikaa sawa kwingi. Spika za bei ndogo zilizozoeleka zinamfaa fundi kuliko za bei mbaya alizozitoa dukani juzi.

Moshi ina mtaji mwingine ambao maprodyuza vijana huudharau. Aliyekulia kwenye kwaya ya usharika wa KKKT, au akasimama karibu na matarumbeta siku ya harusi, anajua sauti ya nne inavyoibeba ya kwanza bila kuifunika. Ujuzi huo hauuzwi na plagini yoyote. Kwaya ikija kurekodi, fundi asimame kwanza mbele yao waimbe, asikilize, kisha ndipo aguse miksa.

Baada ya hapo wimbo utoke nje. Kwenye sabufa besi itajaa. Kwenye simu, uzi mnene wa gitaa la besi, wenye hezi 41, hautasikika kabisa. Msikilizaji ataitambua noti kwa mitetemo ya juu yake, kwa hiyo fundi aliyeifuta mitetemo hiyo ameifuta besi yenyewe. Bajaji ina kelele ya injini, na humo ndimo maneno ya mwimbaji hupimwa.

Washiriki wanaombwa kuyatunza masikio yao. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, ni dakika 15 tu.