Breki Zinazojifunga Zenyewe

Baadhi ya magari yaliyokwishatumika Japani, yapitayo hapa Makutupora kuelekea Kondoa, hufunga breki yenyewe. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele huona kizuizi. Gari huonya, na dereva akizubaa, hushika breki. Japani ililazimisha chombo hicho katika aina mpya za magari ya abiria tangu Novemba 2021. Si anasa: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde.

Lakini kokoto hupasua kioo, fundi akaweka kingine, na kamera isipimwe upya. Hapo huweza kumkosa mtoto avukaye kwenda shule, sembuse mkokoteni wa punda usio na taa. Akaguaye gari la ofisi aulize basi: kamera ilipimwa lini?