MGENI ASIPOTEE MIKONONI MWETU
Hotuba ya Uongozi wa Tawi kwa wanachama wote

Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Siasa ya Tawi,
Ndugu wanachama,
Ndugu zetu mliofika Uingereza karibuni,

Hotuba hii tuliisoma kwenye mkutano wa Tawi. Tunaituma hapa nzima kwa kuwa wengi wenu mlikuwa shifti siku ile, na jambo lenyewe linamgusa kila mmoja wetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku ughaibuni wapo wenyeji walioligeuza neno hili. Mgeni akija, wao wanapona kwa pesa zake. Anauziwa nafasi ya kazi, anauziwa hati ya udhamini, anauziwa "ushauri" wa visa na mtu ambaye sifa yake pekee ni kuwa alitangulia kupanda ndege. Wapo pia wasiotoza hata senti. Hao wanasaidia kwa moyo mweupe, lakini wanachosema si sahihi, na hasara kwa mgeni ni ileile.

Chukueni mfano wa dada aliyekuja kufanya kazi ya kuhudumia wazee kwa visa ya kudhaminiwa na mwajiri. Mwajiri ananyang'anywa leseni ya udhamini. Home Office inamwandikia dada barua. Kwa kawaida barua ya namna hiyo humpa mtu siku 60, au pungufu kama visa yake ilikuwa imebakiza muda mfupi zaidi. Ndani ya siku hizo apate mwajiri mwingine mwenye leseni na kuomba upya, aombe visa ya aina nyingine anayostahili, au aondoke nchini.

Dada anaipiga picha barua na kuirusha kwenye kundi la simu. Mmoja anamwambia, "Nyamaza tu, watasahau." Mwingine anasema hama mji. Wa tatu anasema kuna kaka anashughulikia mambo hayo, andaa hela. Siku zinakatika. Anapofika kwa wakili zimebaki siku kumi, na wakili anatakiwa kufanya ndani ya siku kumi kazi ya miezi miwili.

Ndugu wanachama, neno letu ni moja: *mgeni msindikize mpaka kwenye mlango wa anayeijua kazi. Usijigeuze wewe kuwa mlango.*

*1. Visa na makaratasi*

Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999 ya nchi hii inakataza mtu asiyeidhinishwa kuendesha huduma ya ushauri wa uhamiaji, hata kama hatozi malipo. Ni kosa la jinai. Wanaoruhusiwa ni mawakili wenye leseni na washauri waliosajiliwa na mamlaka iliyokuwa ikiitwa OISC, ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Orodha ya washauri hao ipo wazi kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Unaandika jina la mtu au la mji, unaona kama yumo na ameruhusiwa kufanya kazi za ngazi gani. Inachukua dakika tano. Asiyekuwemo, na si wakili, usimpe pesa wala pasipoti.

Kumbukeni pia kuwa zile kadi za ukaazi za plastiki zimeondolewa, na sasa hali ya mtu inasomwa kwenye eVisa. Kila mgeni awe na akaunti yake ya UKVI, aifungue kwa barua pepe yake na simu yake mwenyewe. Akaunti ikifunguliwa kwa simu ya ajenti, ajenti ndiye anayeshika ufunguo wa maisha yako. Ukipata pasipoti mpya kutoka Ubalozi wetu London, iingize kwenye akaunti hiyo kabla ya kusafiri.

*2. Kazi*

Hati ya udhamini haiuzwi. Anayekuuzia "nafasi" kwa maelfu ya pauni anakuuzia matatizo. Mwajiri hana haki ya kukushikia pasipoti yako. Namba ya National Insurance huombwa bure, na kama una ruhusa ya kufanya kazi unaweza kuanza kazi wakati unaisubiri. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Saa ya 21 ni kuvunja masharti ya visa, hata kama meneja amekubembeleza kwa sababu watu wamepungua.

Ukidhulumiwa mshahara au likizo, wapigie Acas, 0300 123 1100. Wanashauri bure. Mtu anayefanyishwa kazi kwa vitisho, au aliyefungiwa, au anayekatwa mshahara wote kulipia "deni" la safari, ipo namba ya msaada dhidi ya utumwa wa kisasa, 08000 121 700. Kwa hatari ya papo hapo ni 999.

*3. Nyumba*

Hapa England, ukipanga nyumba au chumba kwa mkataba wa kawaida, mwenye nyumba anatakiwa aweke amana yako kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, na akupe maelezo yake kwa maandishi. Kwa kodi za kawaida za watu kama sisi, amana isizidi kodi ya wiki tano. Lakini angalieni hapa: wengi wetu tunaanza kwa kupanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe. Hapo kinga hiyo ya amana kuwekwa kwenye mfuko haikuhusu. Kwa hiyo dai risiti, lipa kwa benki, na muandikishane hata kama mwenye nyumba ni wa kwenu. Undugu haupungui kwa risiti.

*4. Afya*

Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, yaani GP, ni bure. Huku England zahanati haitakiwi kukukatalia kwa kuwa huna barua ya anwani au hujaonyesha hati ya uhamiaji. Usisubiri uumwe. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. Usimtumie mtoto wako kutafsiri ugonjwa wa mama yake. Kwa ushauri usio wa dharura piga 111.

Wengi wanaogopa GP kwa sababu visa yao imeandikwa hawana haki ya kutumia fedha za umma. Maneno hayo yanahusu posho na misaada ya nyumba iliyotajwa kwenye orodha ya serikali. GP, shule ya mtoto na maktaba havimo kwenye orodha hiyo. Kupata ushauri wa bure hakumo pia. Mwenye hofu na jambo fulani amuulize mshauri aliyesajiliwa kabla ya kuomba, si baada.

*5. Pa kuanzia*

Mgeni asiyejua aanzie wapi, aanzie Citizens Advice. Shirika hili lilianza mwaka 1939, vita vilipoanza, na mpaka leo linashauri bure kuhusu madeni, nyumba, kazi na mengineyo. Si ofisi ya serikali, na mambo yako yanabaki siri. Namba ya England ni 0800 144 8848, ya Wales 0800 702 2020. Scotland wana shirika lao la namna hiyohiyo. Kama huna intaneti, nenda maktaba ya mtaa wako. Kompyuta zipo, na wafanyakazi wake wamezoea kuelekeza watu.

Wapo watakaosema: simu hizo hazipokelewi, na mawakili ni ghali. Ni kweli foleni ni ndefu. Ni kweli pia kuwa msaada wa kisheria wa serikali katika England na Wales haugusi visa nyingi za kazi. Unawahusu zaidi waomba hifadhi, waathirika wa usafirishaji haramu wa watu, na makundi machache mengine. Lakini wapo washauri waliosajiliwa katika mashirika ya hisani wasiotoza kitu. Hapo ndipo Tawi lina kazi. Mgeni peke yake atapiga simu mara mbili akate tamaa. Akiwa na mwenyeji pembeni anayejua kusubiri kwenye laini, atapiga mara ya sita na atapokelewa.

*MAAZIMIO YA TAWI*

*Kwanza,* kila mgeni anayetufikia atapewa mwanachama mmoja wa kumsindikiza kwa miezi mitatu ya mwanzo. Kazi yake ni GP, maktaba, benki, Ubalozi, na kumsaidia kumpata mshauri aliyesajiliwa. Kumtabiria matokeo ya visa si kazi yake.

*Pili,* hakuna kiongozi wala mwanachama atakayepokea pesa, zawadi au "nauli" kwa kumwelekeza mgeni. Atakayebainika atafikishwa mbele ya Kamati ya Siasa ya Tawi.

*Tatu,* barua za Home Office hazibandikwi kundini. Zina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba za mtu. Mwenye barua amtumie Katibu faraghani siku ileile aliyoipata, naye atamtafutia mlango wa kwenda. Siku zinahesabiwa tangu barua, hazihesabiwi tangu tulipokutana.

*Nne,* Tawi lenyewe halitaendesha vikao vya ushauri wa visa. Tukitaka mafunzo tutamwalika mshauri aliyesajiliwa, na kila mwenye swali atamuuliza yeye.

*Tano,* msaada huu hauulizi kadi. Anayefika hapa akiwa wa chama kingine, au hana chama, au anatoka Mombasa au Bukavu na tunaelewana kwa Kiswahili tu, atasindikizwa vilevile. Tukimsaidia mtu ili achukue kadi yetu, tutakuwa tumejiunga na wale wanaopona kwa mgeni. Siasa tutafanya uwanjani, kwa hoja.

Ndugu wanachama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la huku ni kujua mlango upi upigwe hodi, na kwa nani. Tukimpa hilo, hatatuhitaji muda mrefu, na mwakani yeye ndiye atakayemsindikiza mwenzake.

Wanaojitolea kusindikiza wamwandikie Katibu wa Tawi kabla ya Jumapili, wataje mji wanaoishi na siku wasizokuwa kazini.

Kidumu Chama chetu.

*Imetolewa na Uongozi wa Tawi*