Hekaya Kuu na Waliovunjwa Moyo Nayo



Mwaka 1979 vilitoka vitabu viwili ambavyo napenda tuvitazame pamoja, ingawa sidai kwamba mwandishi mmoja alimsoma mwenziwe. Cha kwanza kilichapishwa Paris, nacho ni taarifa juu ya hali ya elimu, ambayo Jean-François Lyotard aliiandika kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la Québec. Na cha pili ni riwaya ya Gamba la Nyoka, ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe.

Lyotard asema kuwa alama ya usasa-baadaye ni watu kutozisadiki tena hekaya kuu, yaani masimulizi yale yaahidiyo kwamba tarehe yote ya wanadamu yaelekea kwenye ukombozi wao. Wengi huidhania kauli hii kuwa ni kebehi ya mtu asiyewahi kuamini kitu, wakasahau kwamba Lyotard alisomesha Constantine, nchini Algeria, tangu 1950 hadi 1952, akaishuhudia dhulma ya ukoloni, kisha akaishi zaidi ya miaka kumi miongoni mwa wanamapinduzi wa Ufaransa. Shaka yake ni shaka ya aliyeamini akaumia.

Na Kezilahabi je? Katika Gamba la Nyoka wanavijiji wahamishwa kwa nguvu waingizwe katika vijiji vya ujamaa, lakini mwandishi angali asimulia kwa taratibu tuliyoizoea, tukio likifuata tukio. Ilipotoka Nagona mwaka 1990, kitabu chembamba mno, taratibu hiyo ilikwisha vunjika: msimulizi azunguka akiusaka ukweli katika mahame, baina ya ndoto, visakale na mafumbo. Mwaka uliofuata ikaja Mzingile, ambamo msimulizi atumwa kumpasha mzee Kakulu habari ya kifo cha mwanawe.

Wako walionung'unika kuwa fasihi yetu imevishwa joho la kuazima. Nami nashikilia, kwa yakini kabisa, kwamba hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho ndiyo sura ya hekaya kuu yenyewe, maana hata ujamaa ulihubiriwa hivyo: tulikotoka, tulipo, tuendako, na aliyekoma kuisadiki safari hiyo hawezi kuisimulia kwa mpango wake ule ule bila ya kuidhulumu nafsi yake. Ni kweli kwamba mwandishi Jorge Luis Borges, aliyeiongoza Maktaba ya Taifa mjini Buenos Aires tangu 1955, alijenga mizingile ya vitabu na vioo, na ni mizingile adhimu. Lakini katika ule wa Kezilahabi mna watu waliokwisha ahidiwa makao.

Said Ahmed Mohamed naye, alipotaka kumhukumu mkubwa wa serikali wa zama za baada ya uhuru katika riwaya ya Babu Alipofufuka, mwaka 2001, hakumwita kadhi wala mwanasiasa. Alimfufua kaburini babu wa mkubwa huyo, akamtuma kwa mjukuu wake.