UZAZI HAUNGOJI UGONJWA UPITE

(Maneno yaliyosemwa na wakunga na wauguzi wa wodi ya wazazi mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imetuomba tuwaeleze habari ya kazi yetu katika wodi ya wazazi wakati wa ugonjwa wa korona. Hatukuja kutafuta sifa, maana sifa tulipewa nyingi wakati ule. Tumekuja kueleza tulivyofanya kazi, na jambo ambalo chama hakina budi kulifanya kabla ugonjwa mwingine haujafika.

Kama mjuavyo, mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi ule ule ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na moja alfajiri. Maofisi mengi yalifungwa. Lakini uzazi hausikii amri. Uchungu huja saa nane ya usiku, mvua inanyesha, na askari wamo njiani.

Watu wote waliamriwa wakae mita moja na nusu baina ya mtu na mtu. Ndugu zetu, ni mkunga gani awezaye kumzalisha mama kwa umbali huo? Mama hukushika mkono, huhema usoni pako, na mtoto humpokea kwa mikono yako miwili. Wala huna nafasi ya kungoja majibu ya kipimo. Mahali tulipokuwa, barakoa zilihesabiwa kama shilingi: moja kwa zamu nzima, na siku nyingine tuliambiwa tutumie ile ya jana. Aproni zilipokwisha, tulinunua makoti ya mvua sokoni kwa fedha zetu wenyewe.

Tena kulikuwa na taabu ya kwenda na kurudi. Ruhusa ya kupita usiku tulikuwa nayo, lakini ruhusa si gari. Matatu ya watu 14 iliamriwa ichukue watu 8, nauli ikapanda. Aliyemaliza zamu usiku alilala juu ya benchi mpaka kukacha. Aliyefika nyumbani alivua nguo mlangoni, akaoga, ndipo amshike mwanawe. Wengine wetu majirani walitukimbia.

Na kina mama je? Wengi waliogopa hospitali kuliko uchungu wenyewe. Wengine walikosa gari, wakajifungua nyumbani au njiani. Huko Nairobi daktari mmoja, Jemimah Kariuki, alianzisha mwaka 2020 mpango wa kuwachukua wajawazito kwa gari bila malipo saa za amri. Ni tendo jema sana. Lakini tujiulize: je, yafaa gari la mzazi litegemee huruma ya daktari mmoja?

Waliofika kwetu waliingia peke yao, maana jamaa walizuiwa mlangoni. Sisi ndio tukawa mama na dada zao. Uso wetu hawakuuona, walijua sauti tu. Tuliwahimiza wanyonyeshe, kwani Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hata mama mwenye korona anyonyeshe, ila avae barakoa na anawe mikono.

Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa kaunti nyingi waliweka kazi chini. Walidai vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu na posho ya hatari. Watu wakauliza: mama mjamzito ana kosa gani? Swali hilo ni la haki, wala hatulikwepi. Mama hakuwa na kosa, naye aliumia. Lakini mkunga akilala kitandani kwa ugonjwa, mama huyo atapokewa na nani? Kosa ni kungoja mpaka moto uwake ndipo watu wabishane juu ya maji.

Basi tunasema hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tena yataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kila tawi liulize kesho: kwetu kamati ipo? Ilikutana lini? Nani hutusemea ndani yake? Na katika mapatano na waajiri yaandikwe mambo matatu: akiba ya glavu, barakoa na aproni, ikaguliwe kila mwezi, gari la zamu ya usiku, na matibabu kwa mwenye kuugua kazini.

Wala tusijidai sisi wakunga peke yetu. Yule afagiaye damu sakafuni, afuaye mashuka, apikaye uji wa wazazi, na dereva wa ambulansi, wote walivuta hewa ile ile. Wakiachwa nje ya mapatano, ugonjwa utaingia kwa mlango wao na kutukuta sote.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Sifa nazo zilikwisha. Lakini usiku huu huu yuko mama njiani, na yuko mkunga anayevaa glavu. Maneno mazuri hayavaliwi mkononi. Kazi ya chama ni kuhakikisha kwamba glavu ile ipo, na kesho ipo nyingine.