Nani Atalipa Karo ya Shahada ya Pili? Soma Barua Kabla ya Kuuza Shamba

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vijana waliohitimu vyuo vikuu na wazazi wao, katika ukumbi wa maktaba ya umma. Yamefupishwa kidogo.)

Mimi bado najihesabu kijana. Mwenye pingamizi asubiri wakati wa maswali.

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloletwa kwenye dawati letu mara kwa mara. Mtu amemaliza shahada ya kwanza, matokeo yake ni mazuri, anataka kusomea uzamili au uzamifu, na swali lake la kwanza ni hili: je, kaunti itanilipia? Nijibu mapema tusipotezeane muda. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Vyuo vikuu vilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Basari ya wadi, pale inapotolewa, humtazama kwanza mtoto wa sekondari aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Ukiwa na digrii mkononi, wewe uko mwisho kabisa wa foleni hiyo, na sioni haja ya kukudanganya.

Hiyo haimaanishi kwamba njia zimefungwa. HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, haiwakopeshi wa shahada ya kwanza pekee. Ina mikopo ya uzamili na uzamifu pia. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti hufadhili utafiti wa wanafunzi wa ngazi hizo inapotangaza nafasi. Pale Juja, ndani ya chuo cha JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika, ambacho ni cha Umoja wa Afrika. Wanaodahiliwa hapo kwa ufadhili husoma sayansi na teknolojia wakilipiwa karo na kupewa posho. Watu hupita mbele ya lango hilo kwa matatu kila siku wakielekea kutafuta ajenti wa kuwapeleka ng'ambo. Shirika la Ujerumani la DAAD nalo hufadhili Waafrika wasomee Afrika, wengine wakiwa papa hapa Kenya. Anzeni kuuliza hapa nyumbani.

Lakini najua barua zilizo mifukoni mwenu. Nyingi zimetoka Marekani, na ndizo zinazofanya mzee aitishe mkutano wa ukoo kuzungumzia kipande cha shamba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazungumzo yangu itakuwa juu ya barua hizo: zinaahidi nini, na haziahidi nini.

Barua ya kukubaliwa chuoni si barua ya ufadhili. Ya kwanza inasema unaweza kuja kusoma. Ya pili inasema nani atalipa. Zinaweza kuja katika bahasha moja, zikaja kwa miezi tofauti, au ya pili isije kabisa. Tumewahi kuona familia ikichinja mbuzi kwa sababu ya barua ya kwanza. Hakuna ubaya kuchinja mbuzi, ila msiuze ng'ombe.

Katika vyuo vikuu vya Marekani, ufadhili mkubwa wa masomo ya juu haupitii serikali. Mikopo ya serikali yao na mpango wao wa kitaifa wa kazi za wanafunzi ni wa raia wao na wakazi wachache wanaotambuliwa na sheria. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hayumo. Kinachomfaa yeye ni nafasi ya usaidizi idarani. Chuo kinakuajiri uwe msaidizi wa ufundishaji, usahihishe kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza au uwasimamie maabarani. Au unakuwa msaidizi wa utafiti chini ya profesa mwenye fedha za mradi. Kazi kwa kawaida ni hadi saa 20 kwa wiki. Malipo yake yana sehemu mbili, na hapa ndipo wengi hujikwaa: kuna msamaha wa karo, na kuna posho ya kuishi. Pesa za karo huwezi kuzigusa, zinahama tu kutoka kitabu kimoja cha chuo kwenda kingine. Utakayoishi nayo ni posho.

Sasa tuchukue barua tuisome kama mwanahabari anavyosoma taarifa ya serikali. (Nimefanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo nawaruhusu kucheka.) Msamaha wa karo ni wa karo yote au nusu? Ada nyingine za chuo, za teknolojia, usafiri, huduma za wanafunzi, zimo au hazimo? Mara nyingi hazimo, na zinaweza kula posho ya mwezi mzima. Bima ya afya nani analipa? Huko bima si jambo la kuahirisha. Vyuo vingi havitakusajili bila bima. Posho ni ya miezi 12 au miezi 9? Ikiwa ni miezi 9, kuanzia Agosti hadi Mei, ile miezi ya kiangazi utakula nini? Ufadhili ni wa miaka mingapi, na utaendelea kwa masharti gani? Sharti la kawaida ni kudumisha wastani wa alama ya B. Barua inayosema ufadhili utaendelea "fedha zikipatikana" inasema pia kwamba huenda zisipatikane.

Nitawaeleza pia kazi nyingine, ile ya saa, kwa sababu ndiyo inayopigiwa debe sana na watu wanaouza safari. Sheria ya viza ya F-1 inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa kamili wakati wa likizo. Ni kazi halali: maktabani, jikoni, kwenye dawati la bweni. Ajenti atakwambia, "Nenda tu, utafanya kazi ujilipie karo." Tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapanda tangu 2009, ingawa majimbo mengi yana kima cha juu zaidi. Saa 20 kwa kima hicho ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni karibu shilingi 19,000 kwa wiki. Najua minong'ono hiyo ya nyuma: kwa wengi wetu ni fedha nyingi. Lakini utazitumia huko, si hapa. Muhula wa wiki 15 utakupa dola 2,175. Hizo ni chakula na sehemu ya kodi ya nyumba. Karo ya muhula katika chuo cha kawaida huenda ikawa mara kadhaa ya hizo. Kazi ya saa inakulisha, haikusomeshi.

Tena saa hizo 20 ni jumla. Ukipata nafasi ya usaidizi ya saa 20, umemaliza kibali chako cha muhula. Huwezi kuongeza zamu ya maktaba. Kazi nje ya chuo bila idhini ni kuvunja masharti ya viza, na mwaka wa kwanza wa masomo idhini hiyo kwa kawaida haipatikani. Binamu yako aliyeko huko atakwambia kuna mahali wanalipa taslimu bila kuuliza maswali. Binamu hatakuwepo ombi lako la viza likikataliwa miaka mitatu baadaye.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Kule, uzamifu mara nyingi ni rahisi kufadhiliwa kuliko uzamili. Katika vyuo vikubwa vya utafiti, hasa kwenye sayansi, mwanafunzi wa uzamifu huchukuliwa kama mfanyakazi wa idara. Wa uzamili, hasa katika biashara au afya ya umma, mara nyingi huchukuliwa kama mteja. Na vyuo vingi huko hupokea watu wa uzamifu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, bila kupitia uzamili kwanza. Kijana wa kemia au takwimu mwenye alama nzuri ambaye anahangaika kutafuta mamilioni ya uzamili huenda amebisha mlango usio wake. Ila uzamifu ni miaka mitano au zaidi. Usiuchukue kama njia ya mkato.

Njia hii si ngeni kwa Wakenya. Wangari Maathai aliondoka hapa mwaka 1960 katika safari za wanafunzi zilizoanzishwa na kina Tom Mboya. Akapata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964, kisha akasomea uzamili wa biolojia Pittsburgh kwa ufadhili wa taasisi ya Africa-America Institute. Sehemu inayosimuliwa kidogo ni iliyofuata. Aliporudi Nairobi mwaka 1966 alikuwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti katika chuo kikuu. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Ilibidi atafute upya, ndipo Profesa Reinhold Hofmann akamchukua katika idara ya anatomia ya mifugo. Kutoka kwenye kazi hiyo ya usaidizi alipata kwenda Ujerumani kwa utafiti, na mwaka 1971 akapata uzamifu wake hapa Nairobi. Kazi ya chuo ilimsomesha, na kazi ya chuo hiyo hiyo ilikuwa imemponyoka hapo awali. Kwa hiyo mkiahidiwa nafasi kwa simu au WhatsApp, ombeni mkataba wenye saini ya idara, tarehe ya kuanza, saa na kiasi.

Kuhusu tarehe. Maombi ya kuanza Agosti kwa kawaida hufungwa Desemba au Januari, kwa hiyo anayeanza kuulizia Machi amechelewa kwa mwaka huo. Kabla ya kulipa ada ya maombi, andikia idara uulize kama inasamehewa. Vyuo vingi vina utaratibu huo na havitangazi sana. Waandikie maprofesa wawili watatu ambao umesoma kazi zao kweli. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu hamsini hujulikana mara moja. Na ukipata ufadhili usikubali kusukumwa: vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa fedha halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi una huduma ya ushauri iitwayo EducationUSA, na ushauri wao ni bure. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo yathibitishe kwao wenyewe, si kwa jirani.

Ukienda, beba fedha za kuishi mwezi mmoja au miwili. Posho ya kwanza haikusubiri uwanja wa ndege, na mwenye nyumba huko hutaka kodi na amana kabla hajakupa ufunguo. Posho hukatwa kodi ya mapato pia. Na deni lako la HELB la shahada ya kwanza haliendi likizo kwa sababu umepanda ndege.

Wazazi, neno langu la mwisho ni kwenu. Mwaka 2023 nchi nzima iliona kwenye runinga wazazi wakiandamana, wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wasome Finland na Kanada. Wengi walikuwa wameuza mashamba na kukopa kwenye Sacco. Sitaingilia mambo ya mahakama. Ninachowaomba ni kwamba mtu yeyote akidai fedha ili mtoto wako apate ufadhili, umuulize fedha hizo zinaingia akaunti ya nani. Karo hulipwa kwa chuo, kwenye akaunti ya chuo, kwa namba ya mwanafunzi. Ufadhili wa kweli wa kazi ya chuoni unakuja na mshahara kwa mtoto wako. Hauanzi kwa mtoto wako kumlipa mtu mshahara.

Mkitaka tuisome barua pamoja, ileteni kwenye meza ya maafisa wa elimu hapo nyuma. Leteni kurasa zote, hata zile zenye maandishi madogo. Hatutozi chochote. Sasa nipokee maswali, na tuanze na yule mama mwenye bahasha ya kahawia.