Epsilon Eridani: Nyota Jirani Inayotufunza Ujana wa Jua

Utangulizi

Mada hii inahusu Epsilon Eridani, nyota kibete ya rangi ya chungwa iliyo umbali wa miaka ya nuru 10.5 kutoka kwetu, katika kundinyota la Nahari. Hoja yangu ni moja: anayetaka kujua Jua lilikuwaje wakati Dunia ingali changa, aanze kwa kuichunguza nyota hii.

Sifa za kimaumbile

Tungamo lake ni takriban asilimia 82 ya tungamo la Jua, na kipenyo chake asilimia 74. Tungamo likiwa dogo, mgandamizo wa kitovuni nao hupungua, na hidrojeni hugeuka heliamu polepole zaidi. Kwa hiyo uso wake una halijoto ya kelvini 5,080 hivi, ilhali Jua lina 5,770. Upungufu huo wa joto ndio unaoipa rangi ya chungwa, na matumizi hayo madogo ya fueli yataifanya iishi muda mrefu kuliko Jua.

Mwanga wake tunaweza kuukokotoa hapa hapa. Eneo la uso hufuata kipenyo kwa kipeo cha pili: 0.74 mara 0.74 ni 0.55. Nishati inayotoka kila mita ya mraba hufuata halijoto kwa kipeo cha nne: 5,080 kugawanya kwa 5,770 ni 0.88, na 0.88 kwa kipeo hicho ni 0.60. Tukizidisha 0.55 kwa 0.60 tunapata 0.33, yaani thuluthi moja ya mwanga wa Jua. Sayari inayotaka kupata mwanga sawa na wa Dunia ingepaswa kuikaribia nyota hii hadi takriban asilimia 58 ya umbali wetu na Jua.

Nyota changa

Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6. Epsilon Eridani inakadiriwa kuwa na kati ya miaka milioni 400 na 800. Hujizungusha kwa siku 11 hivi, wakati Jua huchukua takriban 25. Mzunguko huo wa kasi huchochea nguvu za sumaku, ambazo huleta madoa mengi usoni na upepo wa chembe mzito kuliko wa Jua.

Hali hiyo imewasumbua sana wanaotafuta sayari. Sayari huifanya nyota iyumbe kidogo, na myumbo huo husomwa katika spektra yake. Lakini madoa yanayozunguka pamoja na uso nayo hubadilisha mistari ya spektra, yakatoa ishara inayofanana na myumbo. Ndiyo sababu sayari iliyotangazwa mwaka 2000, yenye tungamo linalokaribia la Mshtarii na mwaka wa takriban miaka 7 yetu, ilibishaniwa muda mrefu. Vipimo vya miongo kadhaa ndivyo vilivyoipa uthibitisho.

Vumbi nalo lipo. Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS ilipokea kutoka kwenye nyota hii mionzi ya infraredi iliyozidi ile ya nyota peke yake. Mwaka 1998 darubini ya Mauna Kea, Hawaii, ikaonyesha pete ya vumbi baridi mbali na nyota. Vumbi hilo hutokana na miamba na barafu zinazogongana, mabaki ya ujenzi wa sayari.

Hitimisho na pendekezo

Epsilon Eridani haihitaji darubini. Ung'avu wake ni wa daraja la 3.7, unaoonekana kwa macho mbali na taa za mji. Mwishoni mwa Desemba, kuanzia saa tatu hadi saa nne usiku, hupita karibu na utosi kwa aliye Kilwa au Lindi, magharibi ya Rijili, nyota ang'avu ya Jabari. Nawaomba walimu wa fizikia na jiografia waitumie katika masomo yao: wanafunzi waitafute angani kwanza, kisha wakokotoe mwanga wake wenyewe kwa hesabu niliyoionyesha.